Coach wa Mapendo Hatukumufanyia Ankete

Haleluya, ndugu zangu. Mh. Ile ilikuwa haleluya ya batu wenye kushiba bugali. Turudilie: haleluya. Voilà, sasa ata batu ya kisiwa ya Idjwi, katikati ya ziwa, balisikia.

Munanijua. Ni miye Bahati, menuisier wa hapa Kadutu. Muko mingi humu ndani munalalaka ku kitanda nilipiga miye. Kama inalia-lia, ni mbao, haiko fundi.

Leo nimesimama na kasirani, sitaifiche. Batu banasimamaka hapa kushuhudia namna Mungu aliwatoa pepo ya kelele, ile inapigisha mutu makelele sawa mbuzi ya Noeli. Miye Mungu alinitoa pepo ya kunyamaza. Na ile pepo haikuniingilia mu ndoto, hapana. Nilienda mwenyewe na miguu yangu, nikakaa ku chaise, nikalipa, njo bakaniingizia. Ndugu zangu, kulogwa bure inauma. Kulogwa na kulipa inauma kupita.

Musikie vile maisha yangu ilikuwa mbele. Miye nilizaliwa ninasema. Mama yangu iko pale ku banc ya pili, mumuulize, nilitoka mu tumbo ninamuuliza muzalisha habari ya bwana yake. Njo namna nilimupata Nsimire, binti wa kijiji ya Miti, mwenye kuuzisha avoka. Alikuja ku atelier kutafuta tabouret ya kukalia ku soko. Nikamuambia ile tabouret ilitoka ku muti moja murefu, murefu mpaka ndege ya uwanja ya Kavumu ilikuwa inauzunguka kwanza mbele ishuke. Alicheka mpaka avoka zikabingirika mu barabara. Kisha akarudi kusema tabouret inayumba. Haikuwa inayumba. Ile tabouret ilirudi kutengenezwa mingi kupita gari ya tonton wangu, ndugu ya mama, na gari ya tonton wangu inalalaka kwa mekanisie.

Tukapendana. Nikatuma bazee yangu Miti kuposa. Famille yake ikajibu: «Muzuri, tutawaambia.» Munajua maana ya ile neno kwetu. Ni kusema banaanza ankete. Banatuma mutu kwa jirani yako, banatuma mutu ku kazi yako, aone kama haiko mulevi, kama anaheshimiaka batu, kama kwao hawapigane na masufuria. Na weye hauambiwe nani anakuja wala siku gani.

Nikangoja. Jibu hakuna. Moyo ikaanza kunikula. Mu dunia hii niliogopaka radi na nyoka, lakini ile siku niliona kumupoteza Nsimire inapita radi na nyoka zikioana.

Pale njo rafiki wangu Patrick, motard mwenye kubeba batu na piki-piki, aliniambia: «Grand, shida yako ni kinywa. Binti wa leo anapenda mwanaume muzito. Kuko coach wa mapendo ku Nyawera, anafundishaka bijana.»

Nikaenda. Chumba ilikuwa nyuma ya boutique moja ya nguo, bijana tumejaa sawa samaki ya sambaza mu kikapo. Mwenyewe bakamuita Coach Granit. Akaingia amevaa costume na lunettes nyeusi za jua. Courant ilikuwa imekatika, tulikuwa tunaonana na mushumaa, na yeye iko na lunettes nyeusi. Ndugu zangu, Mungu alinionyesha alama pale pale, alibakisha tu kunipiga nayo mu kichwa. Sikuona. Coach mwenyewe alipita akaanguka ku mguu ya meza, akasema ni exercice.

Akatufundisha: «Mwanaume wa bei kali hasalimie wa kwanza. Mwanaume wa bei hacheke. Bakikuuliza swali, angalia mbali, ujibu: wakati itasema. Mwanamuke anapenda mystère.» Na sisi wote, banaume wazima wenye ndevu, tukarudilia sawa batoto ya primaire: wakati itasema.

Bon. Kisha siku kidogo, maman moja mwenye kuvaa kikwembe ya kijani akaingia ku atelier yangu.

«Jambo, papa menuisier.»

Nikanyamaza. Nikaangalia mbali, ku ziwa. Sasa, ku atelier yangu ziwa haionekane, kuko ukuta ya choo ya jirani. Nikaangalia choo ya jirani na uzito.

«Ninatafuta meza ya kulia. Utaimaliza lini?»

«Wakati itasema.»

«Ya mbao gani, papa?»

«Mbao inajijua.»

«Papa, uko mugonjwa?»

«Kila mutu iko na vita yake.»

Akaniuliza kama ninafikiri kuoa. Coach alikuwa ametufundisha kuinua nyusi moja. Nikainua. Ile ingine ikafuata, na masikio ikafuata. Ule maman akatoka kinyuma-nyuma, sawa vile mutu anatoka mu nyumba mwenye kuwa na mbwa.

Ndugu zangu, ule alikuwa Tante Feza. Shangazi wa Nsimire. Yeye njo balimutuma ankete.

Alifika Miti, akawaambia: «Kijana hasalimie batu. Unamuuliza meza, anakujibu sawa mufu. Na anapendaka kuangalia choo.» Famille ikatuma jibu: hapana. Nsimire akanipigia telefone, sauti yake imejaa machozi. «Bahati, ni nini ilikupata? Uliniambiaka maneno mpaka forfait ya telefone inaisha. Sasa ninakuandikia, unajibu kisha siku mingi, neno moja. Kama haunitake, sema.» Na miye, pepo ilikuwa imenikamata koo. Nikafungua kinywa kusema ninakupenda, ikatoka: «Wakati itasema.»

Akakata. Nikakaa mu maranda ya mbao, nikalia mpaka maranda ikakuwa uji.

Mama yangu akanikuta pale. Nikamuelezea yote. Hakulia na miye. Alikasirika.

«Bale ba Miti balikufanyia ankete?»

«Ndiyo, mama.»

«Na huyu coach, weye ulimufanyia ankete?»

Nikanyamaza, na ile kimya haikuwa ya mystère.

«Ukienda kununua mbuzi ku soko ya Mudaka, unafungua kinywa yake uone meno. Huyu ulimupatia kichwa yako na bibi yako, haukuuliza ata jirani anaitwa nani. Simama, tuende.»

Tukauliza, tukauliza, tukafika ku parcelle ya kwao kule Cimpunda. Tukakuta maman moja muzee anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mama yangu akamusalimia, akasema vile tunasemaka siku zote: «Maman, tulikuja kuuliza habari ya kijana wa hapa.»

Ule maman akatupa mutwangio chini. Akainua mikono juu. Alifikiri tuko famille ya binti.

«Mungu wangu, mulifika. Mukae, mukae. Ni mutoto muzuri, ninawaambia kweli. Hakunywe. Ananifuliaka nguo. Haya tu njo inamumaliza. Binti akipita ku mulango, yeye anapita ku dirisha. Tangu azaliwe hajasemesha binti mbele, mpaka ku kanisa ninaomba bamuombee apate ata mwenye kumusalimia. Binti yenu anaitwa nani?»

Ndugu zangu. Mama yangu aliniangalia. Miye niliangalia sombe.

Pale pale Coach Granit akaingia na bidon ya maji ku kichwa, hana lunettes. Macho yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sawa ya mutu mwenye kuchelewa ku misa. Nikamuuliza:

«Ile mafundisho yote ulitoa wapi?»

«Ku telefone, grand. Kuko mutu moja anafundishaka.»

«Na ule wa telefone, iko na bibi?»

Akafikiri. «Sijue. Anavaaka lunettes.»

Hapa njo kasirani yangu iko, na mutaniachilia niitoe yote. Sikukasirika juu hana bibi. Paulo mutume hakukuwa na bibi, lakini hakufungua chumba ku Nyawera kufundisha batu kutafuta. Nilikasirika juu aliniuzishia woga yake na jina ya hekima. Yeye anaogopa kusalimia, akanifundisha kusalimia ni aibu. Yeye hajue kujibu, akaniambia mwanaume hajibu. Ni sawa mutu mwenye kuogopa maji akufundishe kuogelea ku muchanga, kisha akutupe katikati ya ziwa Kivu na weye umelipa. Na ule mama yake, namna alitutafutia viti! Alipojua hakuna binti, aliokota mutwangio pole-pole, akarudilia kutwanga. Ile nayo iliniongezea hasira, juu uongo ya kijana ilianza kuvunja moyo mu nyumba yake mwenyewe.

Bijana muko humu, munisikie. Mutu akisema iko fundi wa mapendo, usiangalie costume. Usiangalie namna batu balipiga makofi, miye pia nilipiga. Muende kwake. Muulize mwenye kumuuzishia makala ya kupikia: huyu anasalimiaka batu? Muulize binti moja tu mwenye kuheshimiwa naye. Kama iko na bibi, muangalie kama ule bibi anachekaka yeye akiingia, ao ananyamaza. Mutu mwenye kuwafundisha kuona banamuke sawa mutego, mumukimbie, ata kama iko na bibi kumi, zaidi kama iko na kumi.

Tulipotoka kule, mama yangu aliniwekea mukono ku koo, palepale mu barabara, akaomba. Hakuomba murefu. Alisema: «Bwana, murudishie kinywa ulimupatia.» Maman moja wa ndizi akapita, na miye nikajisikia ninasema: «Jambo maman, hizi ndizi zako zimenona, zinaweza kupiga kura.» Akacheka. Ndugu zangu, nilihisi kitu inanitoka ku koo, kubwa sawa kiazi. Nikasalimia batu kutoka Cimpunda mpaka kwetu. Nilisalimia ata polisi ya barabara, njo mujue Mungu alinifungua kweli.

Siku ya Mungu, kisha misa, tukapanda Miti, miye na mama yangu. Famille yote ilikuwa imekaa. Nsimire alisimama ku mulango, hakuniangalia. Nikawasalimia moja-moja, kuanzia muzee wa nyumba, baba ya Nsimire. Nikapiga magoti mbele ya Tante Feza, nikamuambia: «Tante, ule ulikuta ku atelier hakuwa miye, alikuwa mwanafunzi wa mutu mwenye kupitaka ku dirisha.» Nikawaelezea yote: mushumaa, lunettes, nyusi, choo ya jirani. Muzee akaanza kutikisika mabega. Nikaangalia ku mulango. Nsimire alikuwa amefunika kinywa na kikwembe, machozi inashuka, na tumbo inaruka. Alikuwa anacheka.

Muzee akasema: «Huyu njo ule kijana binti yangu alituelezeaka. Ule mwengine hatukumujua. Mulete batu yenu, tutaongea.»

Mungu ashukuriwe, ndugu zangu, mumutumainie yeye mwenye kuwapatia kinywa. Miye furaha ikanishika, nikaendelea. Nikawaelezea ule muti na ndege ya Kavumu. Nikawaelezea kuzaliwa kwangu. Bugali ikapoa, nikaelezea. Kuku zikapanda kulala, nikaelezea. Njo Tante Feza akamugeukia Nsimire, akasema:

«Mutoto wangu, bwana umepata. Lakini mbele ya arusi, umurudishe kwanza kwa ule coach, amuongezee kidogo ya ile kimya.»