Mkaguzi Aliyekaribishwa Mpaka Akashindwa Kazi

Ndugu waombolezaji, historia hii sikusimuliwa na mtu, nimeiona kwa macho yangu haya mawili, maana mimi Largus Jehabut, shemeji yake, ndiye niliyembeba marehemu kwa pikipiki milima yote ya Manggarai, hata ile ambayo mbuzi wenyewe huipanda wakilia.

Marehemu Kanisius Nggarang alizaliwa tarehe 4 Machi 1964 hapahapa Golo Rempas, akahitimu ualimu Ruteng mwaka 1984, akafundisha, mwaka 1990 akamuoa dada yangu Yustina, nyati wa mahari tuliomtoza wangelima kisiwa kizima cha Flores, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2009 akateuliwa mkaguzi, peke yake kwa shule ishirini na moja, mafuta ananunua mwenyewe, na hamu yake ilikuwa moja tu, akae nyuma ya darasa amwone mwalimu akifundisha, amsaidie pale anapokwama. Sasa nyie walimu mnaolia hapo mbele, mnakumbuka? Kabla hajavua kofia ya pikipiki mmeshamkamata jogoo, mnamwita Kraeng kama bwana mkubwa.

"Kraeng, karibu, kwanza tuak kidogo, pombe ya kugema, ulainishe koo."

"Mwalimu, nimekuja kuona hesabu, darasa la nne."

"Hesabu haikimbii, Kraeng, anayekimbia ni huyu jogoo! Unataka kijiji kitucheke, mgeni kaondoka na njaa?"

Kwetu kumkataa jogoo wa ugeni ni tusi, basi anakaa, hotuba zinaanza, mchuzi unaiva taratibu, na tukija kunawa mikono watoto wameshakwenda makwao. Mimi nilikula mapaja mpaka nikakaribia kuwika, wala sikuwahi kumwambia, "Shemeji, leo tukatae." Tukirudi alikuwa ananiambia mgongoni, "Largus, leo tena sijaona kitu," nami nacheka.

Mwaka 2021 figo zikaanza kumlemea, akafariki Jumatatu tarehe 12 Juni 2023, hospitalini Ruteng, mimi na Yustina tukiwa kando yake. Tunawashukuru madaktari, majirani mliokesha nasi, na nyie walimu wenzake mliofunga shule zote leo kuja kumsindikiza.

Pumzika, shemeji, milima imekwisha.

Ila walimu, tangu jana nawaambia kwamba alikata roho akisema hana kinyongo na mtu. Hayo nimeyatunga mimi, niliona mnalia sana, na mimi nalia. Alichosema ni hiki: "Washa pikipiki, Largus, saa hizi bado wako darasani."