Mama Milimita na Michongoma ya Kipimo

Tarehe 30 Juni, saa tatu kamili asubuhi, msoma mvua wa kituo chetu cha kilimo atainama mbele ya kipimo cha mvua kwa mara ya mwisho akiwa mtumishi. Ametumikia miaka thelathini na mmoja. Wakulima humwita Mama Milimita, na jina hilo alijitakia mwenyewe: ukimsalimia habari za asubuhi, anakujibu kumi na mbili nukta nne.

Alianza kama mfagiaji wa ghala la mbegu. Msoma mvua wa zamani alipougua, akamfundisha kazi kwa wiki moja: mimina maji ya kopo linalokinga mvua kwenye bilauri yenye mistari, shusha jicho mpaka lilingane na maji, andika unachokiona, usiandike unachokitamani. Tangu hapo hajaruka siku. Asubuhi ya harusi ya binti yake alikuja na gauni la sherehe, viatu mkononi, akasoma, akaandika, ndipo akaenda. Wakwe walisubiri. Mimi, mpiga chapa wa ofisi hii, nilimshikia mkoba huku nikimwambia ana wazimu. Alinijibu kwamba mvua haina habari na harusi.

Mtu wa nje angedhani ni kazi ya kuchungulia kopo tu. Lakini msimu wetu ni mfupi. Ukipanda mapema mno, mbegu inachipua kisha inakauka. Ukichelewa, mahindi yanatoa maua mvua zimekwisha. Ndiyo maana bonde zima husubiri neno lake: tupande, au tungoje?

Sasa niseme jambo ambalo mwenyewe ameniomba nisilifiche. Mwaka wake wa kumi na nne mbuzi walikuwa wakiangusha kopo, naye akapanda michongoma kuzunguka uwanja wa kipimo. Ikastawi, akaipenda, akawa anaionyesha kwa kila mgeni. Kumbe ilipopita kimo cha mtu ilianza kuzuia mvua ya upepo, ile inayopiga kwa mshazari. Misimu miwili kopo letu wenyewe likatudanganya. Msimu wa pili aliwaambia wakulima wangoje, mvua haijatosha, na udongo ulikuwa umeshashiba. Walichelewa siku kumi. Mahindi yakatoa maua kwenye jua kali, mavuno yakawa nusu.

Fundi baiskeli mmoja, naye mkulima, alikuja getini na ndoo, akipiga kelele kwamba mvua ya nyumbani kwake ni kubwa kuliko ya serikali. Sisi tulicheka. Mama Milimita hakucheka. Mvua zilipoanza tena aliweka kopo la pili mahali pa wazi, akayasoma yote mawili mwezi mzima. Lile la kwenye michongoma lilipungukiwa karibu robo.

Mkuu wa kituo wa wakati ule alimshauri anyamaze, aseme tu mwaka ulikuwa mbaya. Yeye akaomba ukumbi, akasimama mbele ya wakulima na kusema mbingu hazina kosa, kosa ni lake. Walimzomea. Kesho yake akaikata michongoma yote kwa panga, peke yake, mikono ikivuja damu. Kisha akafungua daftari za misimu ile, na kando ya kila tarakimu akaandika kwa wino mwekundu: pungufu. Hakufuta hata moja. Wiki hiyo tulisali pamoja, maana alitaka kuacha kazi. Badala ya kuacha akaleta utaratibu tulio nao hadi leo: kila asubuhi mkulima mmoja asome pamoja naye, atie saini kama shahidi.

Miaka mitatu baadaye mvua ilishuka mapema, siku nne mfululizo. Kila mtu akashika jembe. Yeye akapekua daftari: miaka saba ilikuwa imeanza hivyo, na mitano kati yake mvua ilikatika nusu mwezi. Akawaambia wangoje. Neno lake lilikuwa bado na kovu, na fundi baiskeli akamuuliza mbele ya watu, jamani Mama, safari hii michongoma umeipanda wapi? Ukumbi ukaangua kicheko. Akamwambia aje kesho saa tatu akague mwenyewe.

Alikuja. Akazunguka uwanja mara mbili, akainama, akasoma, kisha akafunua daftari mpaka kwenye wino mwekundu. Akaisoma kila pungufu, moja baada ya nyingine. Alirudi kwake akaliweka jembe, na wengi wakamfuata. Mvua ikakatika siku kumi na nane. Waliokuwa wamepanda walipanda upya. Waliongoja walivuna, Mungu ashukuriwe. Fundi ni shahidi wetu wa kila Jumatatu tangu hapo.

Siku hizi mvua hazina adabu, na wapo wanaouliza daftari za zamani zina faida gani. Mama huwajibu kwamba mtu akibadilika tabia ndipo umwangalie zaidi.

Mama, ahsante. Tunakuombea afya, furaha ya wajukuu, na asubuhi nyingi za kulala hadi saa nne. Ila jana nimefungua orodha ya mashahidi nikakuta tarehe 1 Julai imeshajazwa jina lako, kwa mwandiko wako, na penye kazi umeandika: mkulima. Basi karibu. Bilauri nimekabidhiwa mimi. Nitashusha jicho kama ulivyonifundisha, na nitaandika ninachokiona.