Njegere kwenye Treni ya Banha

Mwanamke aliyekaa mbele yangu alikuwa anamenya njegere mapajani, kama wafanyavyo makarani wengi wakitoka kazini Kairo. Bibi wa kando yake, asiyemjua, akamuuliza, "Binti yangu, kwako hakuna jiko?"

"Jiko lipo, Hajja. Muda ndio sina. Nikifika zimeshamenywa, dakika ishirini zimeiva. Daktari kasema mwanangu damu imepungua, na anashindia chipsi za pakiti."

"Sisi watoto wetu tuliwapikia."

"Kazini mlitoka saa ngapi?"

"Kazi gani? Nililea."

"Basi njoo unilelee na wangu!" Ganda likarukia kiatu changu. Mke wangu naye humenya kwenye treni hii, na sijawahi kumsaidia hata ganda moja.

Tulikwama kituo cha Qalyub nusu saa. Simu ya mwenye njegere ikalia. Alisikiliza, kisha akauliza polepole, "Umeshashiba? Umekula pakiti ngapi, Malak?"

"Unaona sasa?" akasema Hajja.

"Usiseme na mimi."

Akaendelea kumenya, ganda baada ya ganda, mpaka treni iliposimama Banha.