Papa Anaclet na Mireille Wawili

Leo, Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, Papa Anaclet Byamungu anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika kiwanda chetu cha uchapaji hapa Umbilo. Alianza kwa kukunja karatasi. Anaondoka akiwa msimamizi wa mafaili yote, pamoja na sisi tunaoyapa majina.

Mfanyakazi mpya huonywa mapema: Papa Anaclet husamehe kuchelewa, husamehe hata wino kumwagika, lakini hasamehi herufi kubwa katika jina la faili. Aliyeitumia huchemshia chai ofisi nzima. Wengi wetu tumechemsha.

Sheria hiyo ililetwa na harusi. Wiki moja tulipata mabibi harusi wawili, wote Mireille. Mwenzetu Cédric aliliita faili la kijitabu cha ratiba ya harusi ya wa kwanza «Mireille». Mwenzetu mwingine, Ruqayya, akaliita la wa pili «mireille». Kompyuta yetu kuu hutofautisha herufi kubwa na ndogo, ikayatunza yote mawili bila ugomvi. Kompyuta ya mtambo wa kuchapia haitofautishi. Kwake Mireille ni Mireille. Cédric alipoyahamishia huko, ikamuuliza kama faili la pili lifute la kwanza. Akakubali, akidhani ni kazi ileile.

Bibi harusi wa kwanza alikuja kuchukua kifurushi chake mchana, na ndoa ilikuwa kesho yake asubuhi. Alikifungua palepale kaunta, akasoma jina la bwana harusi.

"Papa, huyu mwanaume simjui. Bwana yangu ni Hardy."

Cédric alihamia nyuma ya mashine ya fotokopi. Papa Anaclet alimvutia mgeni kiti.

"Tulia, mama. Hardy iko mzima, iko ndani ya kompyuta ingine. Nakuletea."

Akamleta kweli. Alilitoa faili kwenye kompyuta kuu, akalipa jina jipya kwa herufi ndogo tupu, na mtambo ukafanya kazi hadi jioni. Mireille aliolewa na Hardy. Papa Anaclet alialikwa, Cédric hakualikwa.

Jana, tukitengeneza kadi ya kumuaga, tulifungua picha aliyotuwekea mwenyewe kwenye kompyuta kuu. Faili linaitwa «PAPA ANACLET». Tumelijadili kwa sauti ya chini, maana hadi saa kumi na moja leo bado ni mkubwa wetu. Uamuzi ni huu: zawadi atapewa baada ya chai.

Asante, Papa, kwa kutulinda sisi na maharusi wetu. Wewe na mkeo, Mama Julienne, muishi kwa raha huko Queensburgh, na herufi zenu ziwe kubwa mpendavyo. Birika liko mezani. Vikombe tumekuoshea.