Asali ya Aliyeita

Benchi letu la Kibomet, hapa Kitale, lina miguu mitatu na tofali moja, na anayekalia upande wa tofali hutakiwa atulie asije akatuangusha sote. Leo hakutulia mtu. Ngige, mchuuzi wa viazi tunayemwita Debe, alikuwa amerudi mzima kutoka msitu wa Mlima Elgon, alikopotea kwenye ukungu akijitafutia njia ya mkato. Sisi tulikuwa tumeshamlilia. Sasa ameketi katikati yetu, mkebe wa asali mapajani, na kahawa ya Wamalwa, mwenye kibanda, haijawahi kuwa tamu hivi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, halafu nikachovya andazi.

—Ulipatikanaje, Debe? nikauliza.

DEBE: Ni mzee mmoja Mwogiek, Ndiema. Watu wa asali na kuwinda tangu mababu. Alisikia mke wangu Nyaruai akiniita pale ukingoni mwa msitu, ameita mpaka sauti imekauka. Ndio akaingia kunitafuta.

Wakili, ambaye hajawahi kuingia kortini ila kama mshtakiwa, alikuwa na haraka ya asali.

WAKILI: Na hii alikupea aje?

DEBE: Tukitoka, ndege analia mbele yetu. Anaruka, anatungoja. Tukamfuata hadi kwa mti wa nyuki. Mzee akatoa asali. Mimi na njaa yangu nikanyoosha mkono, akanichapa kofi!

WAKILI: Mtu wa njaa anachapwa? Hiyo ni kesi, bana.

DEBE: Kipande cha kwanza akawekea ndege. Akasema, “Anayeita ndiye wa kwanza. Sisi tumefuata tu.”

Hapo Mukhisa wa Kamukuywa akavua kofia. Tunamwita Askofu, ingawa hajawekewa mikono na yeyote, na ulimi wake hugeuza kila l kuwa r.

ASKOFU: Huyo si ndege, ni maraika! Na hiyo ni fungu ra kumi.

WAKILI: Zii. Hiyo ni kodi. Ndege ndiye mwenye mlima. Hata mvua ya Moi's Bridge anaamua yeye. Mnyime, uone kama mahindi haitaoza Trans-Nzoia yote.

ASKOFU: Sisi tunajaza ghara na usingizi hatupati. Hao Waogiek wanakura ya reo, wanashukuru, wanarara. Si ndio wahenga warisema haba na haba hujaza kibaba?

Methali ilikuwa inampinga, lakini mdomo wangu ulikuwa na kazi.

WAKILI: Mimi kesho naenda kumpelekea huyo ndege mbuzi wa shukrani.

ASKOFU: Amina. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Akainama, akakomba mkebe kwa andazi la mwisho.

Ndipo Nyaruai akatokea, leso shingoni. Alitusalimu kwa mkono tu. Akanong'ona:

—Baba Wachira, na yangu mmeweka wapi?

Wakili akafuta midomo kwa kiganja. Askofu akatazama mbinguni. Mimi nilificha vidole vyangu vinavyonata, na niliona aibu kweli.

Debe akasimama.

—Mama Wachira, tangu jana nashukuru mzee, nashukuru ndege. Wewe uliita, na sijakuambia asante. Asante. Ningekufa kule.

Nyaruai akapitisha kidole ndani ya mkebe, akakilamba.

—Ni tamu, akasema kwa sauti yake iliyokwaruza. Twende nyumbani.

Akatangulia. Debe akabeba mkebe mtupu, akamfuata.