Cheti Ambacho Sikipungi

Haleluya, ndugu zangu! Nimesimama nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mume wangu ni utingo wa lori la pamba. Mtoto wetu Neema alikuwa na miezi minne baba yake aliporudi kutoka Igunga, akala, akanawa mikono, ndipo akasema kuna mwanamke kule kampigia simu. Huyo mwanamke ana malengelenge ya sehemu za siri. "Ukapime, mama Neema," akaniambia, kama mtu anayekutuma chumvi dukani. Na tangu alale naye, tulikuwa tumekutana kimwili si mara moja!

Nikapima damu. Kidonda sina, lakini jibu likaja: haijulikani. Si ndiyo, si hapana. Rudi baada ya miezi mitatu.

Miezi mitatu, ndugu zangu! Nilijitenga. Beseni langu, kikombe changu, kanga zangu nachemsha peke yake. Na titi nikamnyima mtoto. Hakuna aliyeniagiza, ni woga tu. Mama mkwe akampa uji na maziwa ya ng'ombe, mtoto akaharisha. Yangu nilikuwa nayakamua chooni, huku namsikia analia ndani.

Nikaja hapa kuombewa. Mama mmoja wa maombi, yupo, anajijua, akaniambia: "Jumapili lete cheti cha majibu, ukipunge, useme umepona."

"Mama, kimeandikwa haijulikani."

"Mungu hana haijulikani, mwanangu. Kwani nani atakisoma toka huko kwenye benchi?"

Jumapili tatu sikuja. Mkasema nimerudi nyuma kiroho. Sijarudi nyuma! Nilikataa kumsingizia Mungu.

Bwana Yesu alinikuta kliniki, siku ya kupima mtoto uzito. Muuguzi akatazama kadi, mstari umeporomoka. "Unamnyonyesha?" Nikalia, nikasema yote, wanawake kwenye foleni wanasikia. Akanikagua matiti.

"Hayana kidonda. Maziwa hayamwambukizi. Kidonda kikitokea kwenye titi, hilo usimpe, uje mbio. Leo mpe. Hapa hapa."

Neema akagoma. Alinigeuzia uso kama mgeni. Nikasema moyoni, Bwana, huyu nimemfukuza mwenyewe, nirudishie. Mara ya nne akashika. Asante Yesu! Alinyonya mpaka akalala, jasho linamtoka.

Miezi mitatu imeisha, nimepima tena. Haijulikani, vilevile. Natakiwa kurudi. Baba Neema hajapima hata mara moja, yuko benchi la nyuma pale. Baba Neema, kesho twende wote, la sivyo lori liondoke na wewe na nguo zako.

Namshukuru Mungu aliyenirudishia mtoto kabla ya kunipa jibu. Wewe unayesubiri majibu, usingoje cheti kizuri ndipo umwamini. Nenda kwake hivyo hivyo, na hofu yako, na hasira yako. Cheti changu kiko hapa, kimekunjwa, sikipungi. Mikono imemshika huyu, na ameanza kuamka. Naomba nikae nimnyonyeshe.