Chapisho Alilolifuta Mama Visahani

Mheshimiwa Mkurugenzi, waheshimiwa maprofesa, ndugu wageni waalikwa, na wewe Mama Visahani tunayekuaga leo baada ya utumishi mrefu: shikamooni. Mnisamehe nikipiga miayo. Nimetoka wodini moja kwa moja.

Mimi shule niliiacha mapema. Ni mama wa yule binti mwenye misuli inayolegea, aliyekatwa kipande cha ngozi hapa ili seli zake zikuzwe kwenye visahani. Mama Visahani alizijaribia dawa, zikapata nguvu, akaandika kwenye jarida linalosomwa dunia nzima. Siku hiyo nilimnunulia mwanangu viatu vya kukimbilia. Nani asingenunua?

Kisha akaja nyumbani mwenyewe. Akakalia ndoo iliyopinduliwa, maana kiti kilijaa nguo. Hatuna undugu, ila binti yangu humwita mjukuu wake, nasi humwita bibi.

"Mwanangu, zile seli si za mjukuu wangu. Za mtu mwingine, zinazokua upesi, ziliingia kisahanini zikazimeza zake. Nimepima upya. Nimewaandikia jarida wayafute matokeo."

"Kwa hiyo dawa, bibi?"

"Sijui kama inafaa. Kweli sijui."

"Si ungenyamaza tu? Nani angejua?"

"Na mjukuu wangu angemeza nini?"

Nililia, naye hakunibembeleza kwa maneno matamu. Alikunja zile nguo zote, moja moja, mpaka kiti kikaonekana.

Ndugu zangu, wangapi humu wangeifuta kwa mkono wao kazi iliyowapa jina? Mmeyasifu machapisho yake, na yanastahili. Mimi, niliyechoka kutumaini na bado natumaini, nalisifu lile moja alilolifuta, kwa sababu tangu siku hiyo, akisema neno, nalala bila wasiwasi.

Na wewe daktari unayekabidhiwa chumba chake: asubuhi umemkata mwanangu ngozi nyingine, kazi ianze upya. Alikuuliza kama itauma, ukamwambia, "Kidogo tu." Ukatoka, akanivuta kanga: "Mama, imeuma sana. Bibi angeniambia."

Sikulaumu, baba. Viatu vile vimeshambana, nitanunua vingine. Ila ukikosea, usitufiche. Njoo nyumbani. Kiti nitakitoa nguo kabla hujafika.

Mama Visahani, pumzika sasa. Nanyi nyote, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Ngoja nirudi wodini, nimemwahidi mwanangu nitamsimulia.